Mtihani wa Mlangoni

Msomaji kijana, umekwisha fanya mitihani mingi katika maisha yako, na mingi zaidi inakungoja. Umefanya mtihani wa hesabu, wa lugha na wa sayansi, na kila uliposhindwa ulirudi darasani ukajifunza ulilolikosa. Leo nataka tufikiri pamoja juu ya mtihani wa namna nyingine. Mtihani huu haufanywi darasani. Hufanywa bandarini, au mpakani, au katika ofisi ya ubalozi. Mwenye kuufanya ni mtu aliyefunga mzigo wake, akaiaga nchi yake, akaenda kutafuta maisha katika nchi ya watu wengine. Anayeshindwa harudishwi darasani, hurudishwa alikotoka. Na swali la mtihani wenyewe ni hili: Je, wajua kusoma na kuandika?

Basi swali letu ni jepesi kulitamka, lakini si jepesi kulijibu. Je, ni haki nchi imtake mgeni aonyeshe kwamba anajua kusoma kabla ya kumfungulia mlango?

Mimi ni mwalimu. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na umri wa miaka 23, na sasa nimepita 35. Kusoma na kuandika ndiyo kazi yangu, na chakula changu hutoka humo. Kwa hiyo huenda ukanitazamia niseme upesi kwamba asiyejua kusoma asipite. Sikufichi kwamba zamani ndivyo nilivyofikiri. Nitakueleza jambo lililoyageuza mawazo yangu, kisha nitakuonyesha jinsi mtihani huu ulivyotumika duniani, nawe utapima mwenyewe kama nasema kweli.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Mombasa, mahali ambapo baadhi ya watu huishi kwa shamba na wengine kwa bahari. Katika mwaka wa pili wa kazi yangu tulifungua darasa la jioni la watu wazima. Waliokuja walikuwa wengi kuliko madawati, nikaona sina budi kuwagawa makundi mawili: wanaoanza na wanaoendelea. Nikakata vipande vya karatasi, nikaandika sentensi tano za Kiswahili katika kila kipande, nikaketi mlangoni na daftari langu. Kila aliyefika nilimpa kipande asome. Aliyesoma nilimwandika katika ukurasa wa kulia. Aliyeshindwa nilimwandika katika ukurasa wa kushoto, na mbele ya jina lake nikatia maneno mawili: Hajui kusoma.

Miongoni mwao alikuwako mvuvi mmoja wa makamo, ambaye asili yake ni kisiwa cha Pemba. Wazazi wake walivuka bahari wakifuata samaki, wakajenga, wakazaa. Yeye mwenyewe alizaliwa upande huu wa bahari, lakini hakuwa na kitambulisho, maana siku zile Wapemba wa pwani yetu walikuwa hawajatambuliwa kuwa raia wa Kenya. Alikuwa amesikia kwamba huenda siku moja kukawa na fomu za kujaza, akataka aweze kuzisoma kwa macho yake mwenyewe, kwa ajili ya watoto wake. Alikitazama kile kipande changu, akakigeuza, akanirudishia kimya. Nikamwandika kushoto. Usiku ule na mbili zilizofuata aliketi pamoja na wanaoanza, akitaja a, e, i, o, u kwa sauti moja na vijana wenye umri wa wanawe. Usiku wa nne hakuja.

Jambo hilo halikunishughulisha. Nilijiambia kwamba wavuvi ni watu wa maji kupwa na maji kujaa, hawawezi kushikwa na ratiba ya shule. Miezi kadhaa ikapita. Alasiri moja nilikuwa nikipita karibu na nyumba yake nikamwona ameketi barazani, miwani machoni, akimsomea mama mmoja jirani barua ya zamani aliyoiacha marehemu baba yake juu ya mipaka ya shamba. Alisoma bila kusitasita, na pale mama alipotaka kufahamu zaidi alirudia kwa utulivu. Nilisogea nikatazama. Barua ilikuwa ya Kiswahili kitupu, ila imeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

"Shikamoo, mzee wangu," nilimwamkia. "Mbona ulinificha kwamba unajua kusoma?"

"Marahaba, Mwalimu," alijibu, huku akivua miwani yake polepole. "Sikukuficha. Hukuniuliza kama najua kusoma. Uliniuliza kama nazijua herufi zako."

Msomaji, nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mdogo kuliko nilivyotoka. Nilikuwa nimesomeshwa chuoni, tena nilikuwa nimefaulu, kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi tunazotumia shuleni. Nilijua kwamba Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate kwa herufi hizo mwaka 1728, zaidi ya miaka 100 kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Yote hayo niliyajua kwa ajili ya karatasi ya mtihani. Lakini mrithi wa elimu ile aliposimama mbele yangu mlangoni, nilimwandika kuwa mjinga. Kosa halikuwa la karatasi. Lilikuwa langu mimi niliyeitunga na kuiamini.

Toka siku hiyo, kila nisikiapo watu wakisema wageni wapimwe kwa kusoma, moyo wangu huuliza maswali matatu. Wasome kwa herufi za nani? Kwa lugha ya nani? Na nani aliyewafundisha?

Hata hivyo si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na walioutetea mtihani huu walikuwa na hoja. Wao husema kwamba mgeni asiyejua kusoma hudanganywa kwa urahisi. Hupewa mkataba asioufahamu akatia kidole, kisha hufanya kazi kwa nusu ya ujira, na kwa kufanya hivyo huushusha ujira wa wenyeji pia. Hawezi kusoma onyo lililobandikwa penye mashine wala maelezo yaliyo juu ya chupa ya dawa. Husema tena kwamba nchi ni watu wanaosikilizana, na watu hawawezi kusikilizana bila ya lugha moja, wala hawawezi kutii sheria wasizoweza kuzisoma. Mwisho husema kwamba kila mwenye nyumba ana haki ya kuchagua atakayemkaribisha. Hoja hizi si za kupuuzwa. Nami nakubali kwamba nchi isiyokuwa na mlango si nchi, kama vile nyumba isiyokuwa na mlango si nyumba.

Lakini hoja ni kitu kimoja, na matumizi yake ni kitu cha pili. Kisu kikiwa jikoni hukata mboga. Mkononi mwa mwenye chuki hufanya kazi nyingine. Tutazame basi mikono iliyoushika mtihani huu.

Kwanza twende Natal, ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini, lakini zama hizo ilikuwa koloni la Waingereza. Wahindi wengi walikuwa wamepelekwa huko kulima mashamba ya miwa kwa mkataba. Baada yao wakaja Wahindi wafanyabiashara, na Wazungu wa huko wakaona wivu juu ya maduka yao. Mohandas Gandhi, ambaye alifika huko mwaka 1893 akiwa wakili kijana, alipigwa na kundi la watu wenye hasira aliposhuka merikebuni Durban mnamo Januari 1897. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuzuia wahamiaji. Wahindi walikuwa raia wa ufalme ule ule wa Uingereza, na serikali ya London haikupenda sheria itakayotaja rangi waziwazi. Kwa hiyo sheria ya Natal haikutaja Mhindi wala rangi. Ilisema tu kwamba mgeni lazima aweze kuandika ombi lake kwa herufi za lugha mojawapo ya Ulaya.

Zingatia maneno hayo: herufi za lugha ya Ulaya. Mfanyabiashara aliyeandika hesabu zake zote kwa Kigujarati, na mtu aliyesoma vitabu vya Kitamil tangu utoto, wote walihesabiwa kuwa hawajui kuandika. Walikuwa ndugu wa yule mvuvi wangu katika ukurasa wa kushoto. Tena liko jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Sheria ile haikuwagusa vibarua walioletwa kwa mkataba uliokubaliwa na serikali. Aliyetakiwa kukata miwa hakuulizwa kalamu. Aliyetaka kufungua duka ndiye aliyeulizwa. Ikiwa ujinga wa kusoma ulikuwa hatari kwa nchi, mbona haukuwa hatari shambani?

Werevu wa Natal ulisifiwa. Mwaka huo huo wa 1897 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwashauri mawaziri wakuu wa makoloni ya Australia waifuate njia hiyo. Wakaifuata, wakaizidi. Sheria ya Australia ya mwaka 1901 ilimpa afisa wa forodha uwezo wa kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha ya Ulaya, naye mgeni ayaandike. Wewe unaijua kazi hii kwa jina la imla. Lakini tofauti na imla yako, mgeni hakuichagua lugha. Lugha ilichaguliwa na afisa. Mtu akijua Kiingereza aliweza kupewa Kifaransa; akijua Kifaransa aliweza kupewa Kiitaliano. Kuanzia mwaka 1909 hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1958 hakuna mtu aliyepewa imla ile akafaulu. Mtihani usiofauliwa na mtu hata mmoja kwa karibu miaka 50 haustahili kuitwa mtihani. Ni komeo lililovikwa joho la mwalimu.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1934. Mwandishi mmoja aitwaye Egon Kisch, Myahudi wa Czechoslovakia, alialikwa Australia kuhutubia mkutano wa kupinga vita na ufashisti. Serikali haikumtaka. Alipozuiwa kushuka Melbourne aliruka kutoka merikebuni hadi gatini akavunjika mguu, na bado akarudishwa chomboni. Merikebu ilipofika Sydney alipewa imla. Kisch alikuwa mwandishi wa vitabu na alijua lugha kadha wa kadha za Ulaya, kwa hiyo lugha ya kawaida isingemshinda. Basi alisomewa kwa Kigaeli cha Uskoti, lugha ya watu wachache wa milimani na visiwani, naye akashindwa. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu ya Australia, na mwezi Desemba mahakama ikaamua kwamba Kigaeli hicho hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana iliyokusudiwa na sheria. Kisch akashinda kesi. Lakini fikiri, msomaji: mtu aliyeishi kwa kalamu yake alitangazwa kuwa hajui kuandika. Mwenye mlango akiachiwa kuchagua lugha, hapana mtu duniani asiyeweza kufanywa mjinga.

Huenda ukaniambia kwamba hayo ni matumizi mabaya, na matumizi mabaya hayaharibu jambo jema. Utauliza: Je, mtihani ukiwa wa haki, mgeni akachagua mwenyewe lugha na herufi, bado utaukataa? Swali lako ni zuri, na jibu lake limo katika historia ya Marekani.

Huko Marekani mjadala wa mtihani wa kusoma ulidumu zaidi ya miaka 20. Bunge liliupitisha mara kwa mara, na marais wakaukataa. Rais Cleveland aliukataa mwaka 1897, Rais Taft mwaka 1913, na Rais Wilson mara mbili, mwaka 1915 na mwaka 1917. Mara hii ya mwisho Bunge lilikuwa na kura za kutosha kumshinda rais, na mnamo tarehe 5 Februari 1917 mtihani ukawa sheria. Kwa haki yake, ulikuwa mpole kuliko ule wa Australia. Kila mgeni aliyezidi miaka 16 alipewa kati ya maneno 30 na 40 ya kawaida ayasome, nayo yalikuwa katika lugha aliyoichagua mwenyewe. Mkewe, mama yake, bibi yake na baba yake aliyezidi miaka 55 walisamehewa. Waliokimbia mateso ya dini walisamehewa pia.

Sheria hiyo ilikuwa na upole. Lakini je, ilipima kitu gani? Hapa namkubali Wilson. Yeye alisema kwamba mtihani huo haupimi tabia ya mtu. Hupima nafasi aliyoipata. Ajuaye kusoma ameonyesha kwamba alikuwa na shule. Asiyejua ameonyesha kwamba hakuwa nayo, na huenda hiyo ndiyo sababu iliyomfanya aiache nchi yake. Cleveland naye alikuwa amekwisha sema kwamba ni salama zaidi kuwapokea watu wengi wasiojua kusoma, wanaotafuta makao na kazi, kuliko kumpokea mchochezi mmoja anayejua kusoma na kuandika. Alisema kweli. Kusoma humwongezea mwema uwezo wa wema wake, na mwovu uwezo wa uovu wake. Watu wanaoghushi hati na kuandika barua za udanganyifu wote wamesoma.

Sasa tazama matokeo. Katika mwaka mmoja baada ya vita, kati ya 1920 na 1921, wageni zaidi ya 800,000 waliingia Marekani, na waliozuiwa kwa kutojua kusoma walikuwa watu kama 1,450 tu. Watu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kujenga shule, na watoto wao wamekwisha kusoma. Je, waliodai mtihani walifurahi kuona kwamba wageni wao ni wasomi? Hawakufurahi. Mwaka 1921, na tena mwaka 1924, zilitungwa sheria mpya zilizohesabu watu kwa nchi walizotoka, zikawafungia mlango wengi waliojua kusoma vizuri. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba walichokichukia wengi wao hakikuwa ujinga wa wageni. Walichukia wageni wenyewe. Na kama ilivyokuwa Natal, ndivyo ilivyokuwa huko: mwaka ule ule wa 1917 mashamba yalipohitaji mikono, vibarua wa Meksiko walisamehewa mtihani. Jembe halikutaka cheti.

Sisi watu wa Kenya tusiyatazame mambo haya kama mambo ya mbali. Wazee wetu walipimwa hivyo hivyo katika nchi yao wenyewe. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza wa Waafrika kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, haki ya kura ilifungwa kwa sifa, na elimu ilikuwa mojawapo. Mwenye sifa nyingi aliweza kupiga hadi kura tatu, na mkulima asiye na sifa hizo hakupiga hata moja. Mwaka 1963 utaratibu huo ulikuwa umeondoka. Kila mtu mzima alipiga kura yake moja, aliyesoma na asiyesoma, na kwa kura hizo tukaingia katika uhuru. Kama wazee wale wasiojua kusoma walitosha kuizaa nchi, sisi watoto wao twapata wapi kiburi cha kusema kwamba asiyejua kusoma hafai kuingia ndani yake?

Tena watu wetu nao ni wageni katika nchi za watu. Wauguzi wengi wa Kenya, waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wamelipa ada na kuketi kufanya mtihani wa Kiingereza ili waajiriwe Uingereza. Tangu mwaka 2006 Uholanzi imewataka watu wa nchi nyingi wanaokwenda kuishi na waume au wake zao wafanye mtihani wa Kiholanzi kabla ya kusafiri, lakini imewasamehe watu wa nchi kama Marekani, Kanada na Japani. Sisemi kwamba kumpima muuguzi lugha ni dhuluma. Mgonjwa ana haki ya kufahamiana na anayemtibu. Huo ni mtihani wa kazi, na kazi inauhitaji. Lakini mtihani wa mume na mke, ambao Mmarekani husamehewa na Mkenya hasamehewi, sijui unapima lugha au unapima pasipoti.

Na sheria yetu je? Sheria ya Kenya ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mgeni anayeomba uraia aweze kufahamu na kusema Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Angalia maneno hayo vizuri: kufahamu na kusema. Haikusema kusoma, wala haikusema kuandika. Tena sharti hilo halimkuti mgeni bandarini siku ya kwanza. Humkuta baada ya kuishi nasi kwa miaka. Mimi nauona huo kuwa mpaka wa busara. Lugha ya kusema hupatikana sokoni, kisimani na chomboni. Hupatikana kwa kukaa na watu. Kwa hiyo anayeijua ametuonyesha kwamba amekaa nasi kweli. Herufi hupatikana kwa shule, na shule si wote waliopewa.

Na hata mwenye lugha huweza kusahauliwa. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya pwani, waliishi Kenya kwa vizazi wakisema Kiswahili bila ya kitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 kundi lao lilifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kueneza dini, walipewa vyeti vya uraia mwaka 2021. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Hakuna aliyeweza kusema kwamba watu hao walishindwa lugha. Wapemba wangeweza kutufundisha sisi Kiswahili. Basi usidhani kwamba lugha peke yake hufungua milango. Mlango hufunguliwa na mtu aliye ndani anapokubali kumtazama aliye nje.

Sasa nieleze ninaloliamini mwisho wa safari hii. Siamini kwamba mgeni aachwe kama alivyo. Mgeni asiyejifunza lugha ya wenyeji wake hubaki mgeni mpaka kufa, na watoto wake hulipa deni lake. Wala siamini kwamba kutojua kusoma si hasara. Ningekuwa mwalimu wa namna gani kama ningeamini hivyo? Naamini kwamba kusoma ni deni la pande mbili. Mwenyeji anadaiwa darasa, na mgeni anadaiwa bidii. Wewe mwenyewe hukupewa mtihani wowote wa shule kabla ya kukaa darasani, na kama ungepewa ungelalamika kwamba umeonewa. Mtihani unaotangulia somo humwadhibu mtu kwa kukosa kitu alichonyimwa.

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeufikiri methali huu mara nyingi. Wengi huutaja wanapotaka kumfukuza mgeni mvivu, lakini mimi nausoma kwa namna nyingine. Jembe hupewa mgeni aliyekwisha ingia, akala, akalala. Hakuna mzee aliyesimama mlangoni na jembe mkononi akisema, "Kwanza nilimie, nione kama wajua, ndipo nikukaribishe." Na neno lenyewe ni mpe. Jembe ni la mwenye nyumba; mgeni hakuambiwa aje nalo. Kalamu nayo iwe vivyo hivyo.

Nilimrudia yule mvuvi juma lile lile nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba sina haja ya kumfundisha kusoma, maana anajua. Ninalotaka ni kubadilishana naye herufi. Alicheka, akakubali. Jioni mbili kila juma tulikaa barazani kwake, yeye akijifunza herufi zangu na mimi zake. Miezi minne haikwisha alikuwa akisoma gazeti. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, baada ya miezi hiyo hiyo nilikuwa bado nasoma kwa kufuata kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, naye alinisubiri kwa subira ambayo mimi sikumpa. Wapemba walipotambuliwa alijaza fomu zake mwenyewe, akazitia sahihi kwa mkono wake, kisha akawasaidia majirani zake kujaza zao. Wengi wao walikuwa wamekwisha andaa kidole cha gumba.

Daftari lile la darasa la jioni ninalo hata sasa. Ukurasa wa kushoto una majina 31. Mmoja najua kwamba nilimkosea. Wale 30 wengine sikupata kuwauliza kila mmoja anajua nini, na kwa muda mrefu sikuona kwamba ni wajibu wangu kuuliza. Wewe, msomaji, huenda siku moja ukawa afisa wa mpakani, au hakimu, au mbunge, au mwalimu kama mimi, na ukaketi mlangoni na daftari. Atakapokuja mtu akakitazama kipande chako cha karatasi na kukurudishia kimya, usifanye haraka kuandika. Mwulize kwanza anajua nini.